Usonji ukubwani: yanayosemwa na yalivyo

Usonji (kwa Kiingereza autism) ukitajwa, picha inayokuja ni mtoto asiyeongea na mama aliyejawa wasiwasi. Mtu wa miaka 40 mwenye usonji hana picha. Huenda ndiye fundi simu unayemwamini kuliko wote mtaani, au yule mhasibu anayekula peke yake na kujua kila risiti ilipo. Watu kama hao wameanza kueleza wenyewe kinachotokea ndani yao, na maelezo yao hayalingani na mengi tunayosikia.

"Ni ugonjwa wa watoto, akikua utaisha."

Hauishi, kwa kuwa si maradhi yaliyomwingia. Ni jinsi ubongo ulivyojengeka tangu tumboni. Mtoto wa kwanza katika ripoti ya daktari Leo Kanner kuhusu usonji, ya mwaka 1943, alikuwa Donald Triplett, wa mji wa Forest, Mississippi. Alimaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akatembea nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, na usonji wake ulikuwa palepale.

Kinachoongezeka kwa umri ni ufundi wa kuficha. Mtu hujifunza kutazama paji la uso badala ya macho, huandaa majibu kabla ya kikao, hucheka wenzake wanapocheka. Wanawake wengi hufanikiwa kiasi kwamba hawatambuliwi mpaka wapite miaka 30, mara nyingine baada ya mtoto wao kupimwa. Bei yake hulipwa nyumbani: jioni hata kupiga mswaki ni mlima. Hali hiyo ikienda miezi, hupotea hata uwezo aliokuwa nao, kama kupika au kupokea simu. Wikendi moja ya kulala hairudishi kitu hapo. Kinachosaidia ni kupunguza mzigo wenyewe: vikao vichache, safari chache, saa za kukaa bila kuongea na mtu.

"Ana kiburi."

Wengi hudhani salamu zetu ndefu ndizo zinazomshinda. La. Shikamoo na marahaba, habari za nyumbani na nzuri, ni mlolongo usiobadilika, na kinachokaririka hakimsumbui. Hukwama baada ya hapo, kwenye maneno yasiyomaanisha yanachosema. "Nakuja," anasema mtu anayeondoka. "Niko njiani," anasema ambaye bado anaoga. "Karibu tule," wanasema wenye sahani moja, wakisubiri ujibu "endeleeni tu, asante". Anayechukua neno lilivyo atakaa ale, au atasimama kituoni saa nzima, kisha aonekane mshamba au mtata. Ukitaka kuelewana naye, taja saa na kitendo: "Nitafika saa 10 na nusu. Nikipitisha dakika 15 nitakutumia ujumbe." Na ukishasema hivyo, tuma kweli huo ujumbe.

Macho nayo yana kichekesho chake. Orodha nyingi za dalili zilitungwa Ulaya na Marekani, ambako mtoto asiyekutazama usoni hutia shaka mapema. Kwetu anayeinamisha macho mbele ya wakubwa husifiwa adabu, hivyo dalili hupita mbele ya ukoo mzima bila kushtua mtu. Miaka 20 baadaye anakwenda kwenye usaili wa kazi na macho yaleyale, anaambiwa hajiamini.

"Hana huruma."

Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wasio na usonji nao hushindwa kumsoma mwenye usonji. Jambo hilo lilikuja kujaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, matokeo yakatoka mwaka 2020. Katika kila mnyororo watu 8 walipokezana hadithi, mmoja kwa mmoja. Minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawa na ya wasio nao. Iliyopoteza mengi ni ile iliyochanganya pande hizo mbili.

Huruma ipo, ila mara nyingi hutoka kwa mikono. Msibani, usimwache akitafuta maneno ya kumpa mfiwa. Mpe daftari la michango, au viti vya kupanga.

"Mzoesheni kelele, atazoea tu."

Kwa wengi wao sauti haififii kadiri inavyojirudia. Honi ya kumi huumiza kama ya kwanza. Vivyo hivyo mwanga: tyubu za zamani zenye choki na stata, kwa umeme wetu wa hezi 50, hupepesa mara 100 kwa sekunde, na choki yenyewe hunguruma. Wapo wanaouona mpepeso huo, wapo wanaoumwa kichwa tu bila kujua sababu. Taa za LED husaidia, lakini za bei rahisi nazo hupepesa. Ielekezee taa kamera ya simu kabla ya kununua. Ukiona michirizi inatembea kwenye kioo, iache dukani.

Vizibo vya masikio vya sponji hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Kosa la kawaida ni kuvisukumiza vikiwa vimevimba, havizuii kitu. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kiingize, kishikilie sekunde 30 kivimbe humo. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kichwani. Penye utulivu kivue, kwa sababu sikio lililozoea ukimya huzidi kuwa jepesi.

Mtu mzima akizidiwa hulia, hupiga kelele au hunyamaza kabisa asiweze kujibu. Si deko: anayedeka hutulia akipewa alichotaka, huyu hatulii hata ukimpa. Zima redio, punguza watu, usimshike, usiulize "una nini?". Sentensi moja fupi yatosha, "niko hapa nje", kisha subiri.

"Ni laana, au ni zile chanjo."

Utafiti wa 1998 uliozua hofu ya chanjo ulihusu watoto 12, na jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2010. Denmark walifuatilia watoto 657,461, matokeo yakatolewa 2019: chanjo ya surua haikuongeza usonji. Chanzo kikubwa ni kurithi. Usinunue dawa ya kuusafisha mwilini. Nyingine ni dawa ya kufanyia usafi iliyobadilishwa lebo.

"Kupimwa ukubwani hakuna maana."

Kunampa mtu maneno ya kuombea anachohitaji kazini: maagizo kwa maandishi, meza mbali na mlango. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha usonji, anayekuuzia anakuibia. Daktari wa akili au mwanasaikolojia huuliza ya utotoni, kwa hiyo nenda na shangazi aliyekulea na ripoti za shule ya msingi. Yale maoni ya mwalimu pembeni, "ana akili ila hachangamani na wenzake", ndiyo atakayoyasoma kwanza.