Je, wajua kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyependa mno hesabu, alieleza imani yake kwamba ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha ukajumlisha 1, utapata tasa kila mara. Mwanzo unashawishi kweli: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297.

Hiyo ya sita ilidumu miaka zaidi ya tisini kabla ya kuvunjwa. Si ajabu. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa zinaleta 59, kwa hiyo hata 3 haiigawi. Ukitaka kuipima moja kwa moja bila kujua jibu, huenda ikakubidi ujaribu tasa zote hadi kwenye kipeuo chake cha pili, yaani zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa na miaka 25, alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Hapo kazi inapungua ghafla, kwani tasa za kwanza za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano tu, jibu limepatikana!

Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba unaweza kuliona jibu hilo bila kugawanya kabisa. Anza na 640, ambayo ni 5 × 2⁷. Kwa kipeo cha 4 inakuwa 5⁴ × 2²⁸. Sasa tazama namba mbili zinazotokana nayo:

640⁴ − 1 = 639 × 641 × (640² + 1)

640⁴ + 2³² = 2²⁸ × (625 + 16) = 2²⁸ × 641

Zote mbili zinagawanyika kwa 641, basi na tofauti yao pia. Tofauti hiyo ni 2³² + 1.

Kwa kuwa 6,700,417 nayo ni tasa, namba yetu ina vigawo vinne tu.

Jambo hili linagusa hata jiometri. Mwaka 1796 mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aligundua kuwa umbo lenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee, na siri yake ni kwamba 17 ni tasa ya aina ya Fermat. Lau 4,294,967,297 ingekuwa tasa, umbo lenye pande hizo zote nalo lingechorika. Halichoriki. Na kuanzia hiyo ya sita hadi ya thelathini na tatu katika mfululizo huu, zote zimeshathibitishwa kuwa si tasa.