Droni haipenyi bati, na si hilo la kuogopa

Nimechoka. Kila nikifungua begi la droni ninayopimia viwanja, iwe Sahare au Ngamiani, hakosi mtu wa kusema: “Hiyo yako cha mtoto, ya polisi inaona mpaka uliyelala naye ndani.” Juzi kayasema hayo mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, na vijana wa bodaboda wote wakaitikia. Basi leo naandika.

Wanaisema kamera ya joto, nayo haipenyi bati. Haipenyi ukuta, wala hata kioo cha dirisha. Inapokea joto linalotoka kwenye uso wa kitu, basi. Ukiielekeza kwenye nyumba yako inaonyesha bati, na bati jipya linaakisi ubaridi wa anga hadi halionyeshi hata joto lake lenyewe. Nyingi kati ya kamera hizi zina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 640 kwa 512 tu. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: saa saba mchana wa kiangazi hapa Tanga, mchanga na lami vinafikia joto la mwili au kulipita, na mtu aliyesimama ufukweni Raskazone anapotelea humo humo. Usiku anaonekana, lakini kama doa. Kumtofautisha mbuzi aliyelala na mtoto aliyejikunja, ukiwa juu mita 100? Mimi huwa nasita, na simwamini rubani anayeniambia yeye hasiti.

Wengine husema inasoma sura na namba za gari kutoka juu. Hapo ndipo penye ubishi, kwa hiyo tupige hesabu. Droni ya Phantom 4 Pro, ambayo wapimaji wengi tumepimia mashamba ya mkonge, inatoa picha yenye upana wa pikseli 5,472 kwa lenzi ya milimita 8.8. Kwa mita 100, pikseli moja inafunika kama sentimita 2.7 za ardhi. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi. Gawanya: pikseli tano au sita. Kwa hizo humtambui hata mama yako mzazi. Isitoshe, ukipiga picha wima unapata baraghashia na paa la gari. Namba ya gari iko mbele na nyuma, imesimama, na huisomi mpaka uilaze kamera itazame kwa ubavu.

“Lakini kuna zumu.” Ipo. Zenmuse H20T, kamera ya droni ya kampuni ya DJI iliyotoka 2020, inatangazwa kuwa na zumu ya mara 200. Ukipita mara 23, kinachobaki ni kompyuta kutanua pikseli zilezile. Hata hivyo mara 23 inasoma namba ya gari kutoka mbali, sikatai. Ila hapo unatazama mji kwa tundu la mrija wa soda: unaiona pikipiki moja, Barabara ya 12 yote huioni. Kusi likiisukuma droni kidogo tu, pikipiki imeshakutoka.

Kinachoniudhi ni kwamba tunabishana juu ya ukali wa kamera, na jambo zito linapita pembeni. Marekani walitengeneza ARGUS-IS, mtambo wa kutazama mji mzima kutoka angani: kamera ndogo 368 zilizounganishwa zikatoa picha moja ya pikseli bilioni 1.8. Kwa wazo hilohilo, kwenye jiji lao la Baltimore mwaka 2020, polisi walitumia picha za ndege ndogo zenye marubani zilizozunguka juu ya jiji mchana. Mtu kwenye picha zile alikuwa pikseli moja hivi. Hana sura, hujui ni mwanamke au mwanamume. Na ilitosha! Kwa sababu rekodi inarudishwa nyuma: kidoa kilichokuwa kwenye tukio kimetoka wapi, kikaingia nyumba gani. Nyumba ikijulikana, mwenyewe kajulikana, na kamera za barabarani zinamalizia. Juni 2021, mpango wenyewe ukiwa umeshasimama, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne ya Marekani iliona kwamba unakiuka Katiba yao. Hakuna aliyechunguliwa chumbani kwake. Walirekodiwa nyendo zao.

Droni inayoitikia wito wa dharura ni habari nyingine. Chula Vista, California, tangu 2018 polisi huirusha ikafika kwenye tukio kabla ya askari. Mtu akizama pale Deep Sea, ningetaka iwepo leo hii. Shaka yangu ni njiani: kamera ikiwaka tangu inaporuka, inapita juu ya nyua za watu wasiohusika na chochote, na zote zinaingia kwenye rekodi.

Kwetu Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Siku mkiambiwa kwenye mkutano wa mtaa kwamba droni inakuja, achaneni na bati. Ulizeni inaanza kurekodi wapi, video inatunzwa siku ngapi, na nani ana ruhusa ya kuifungua. Mimi hupima viwanja tu, lakini hayo matatu nayaandika kwenye mkataba kabla sijaruka, na nyua za majirani zilizoingia kwenye picha nazikata kabla mteja hajakabidhiwa ramani yake.