MDF ya kijani haijui kuogelea

Jumanne nilikuwa Chumbageni, hapa Tanga, gorofa ya pili, nimechuchumaa mbele ya sinki la mama mmoja. Nikachomeka bisibisi kwenye ukingo wa chini wa kabati, ikazama kama kwenye mkate uliolowekwa chai. Mama kasimama nyuma yangu, akaitoa ile kauli ambayo mwaka huu nimeshindwa kuihesabu: "Lakini fundi, hii si ile ya kijani? Mwenzio aliniambia haipitishi maji."

Mwenzangu huyo, popote alipo, kanitafutia kazi na kunichosha kwa pamoja.

MDF ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa joto na gundi. Ya kijani ina gundi inayovumilia unyevu kuliko ya kawaida. Unyevu, jamani, siyo maji. Mvuke wa wali unaopaliwa, au hewa ya Tanga wakati wa masika, chumvi inapolowa yenyewe kwenye kopo: hayo inayaweza. Kijani chenyewe ni rangi tu, imetiwa ili tusiichanganye na nyingine. Wangetaka zambarau, ingekuwa zambarau. Wenye maduka wakibanwa hutaja kiwango cha Ulaya, EN 622-5. Haya, tukisome basi. Ubao wa milimita 18 wa kuvumilia unyevu, ukilowekwa saa 24, unaruhusiwa kuvimba hadi asilimia 8. Wa kawaida asilimia 12. Kwa hiyo hata ule mzuri una ruhusa ya kunenepa karibu milimita moja na nusu, na ukikauka haurudi ulivyokuwa.

Nikamuuliza, "Mama, hapa mnadeki kila siku?"

"Sasa fundi, jiko lisidekiwe?"

Lidekiwe. Ila hapo ndipo makabati yetu yanapofia, na hakuna anayetaka kunisikia. Michoro tunaitoa kwenye simu, ya nchi ambako sakafu inapanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Sisi tunamwaga ndoo nzima, tunasukuma maji kwa ule mpira wenye mpini, mengine yanakwenda chini ya kabati na kulala huko mpaka jioni. Na ukingo wa chini, uliokatwa kwa msumeno, fundi hakuubandika ejingi, ule utepe wa kufunika ukingo, kwa sababu "hauonekani". Uso wenye melamini, lile ganda gumu la juu, unaweza kuumwagia chai usijali. Ukingo uliokatwa ndio mdomo, nao unakunywa kila asubuhi.

Ndiyo maana makabati ya juu ya mama huyu, ubao uleule, umri uleule, ni mazima kabisa. Sasa mtu akikuambia "jiko limechakaa, ng'oa lote", muulize la juu limekosa nini. Ukiwa umechoka na rangi, badilisha milango. Bawaba zimeliwa na kutu ya bahari, weka za chuma kisichoshika kutu. Tundu la skrubu limelegea, ziba kwa kijiti na gundi, au sogeza bawaba kidogo. Hayo ni ya siku moja mbili.

Chini ndiko kwenye kazi. Kama kaunta yako ni slabu ya zege, kama fleti nyingi za zamani, tafadhali usiivunje. Kabati liinuke kwa miguu ya plastiki ya sentimita 10, au lijengewe kitako cha zege na kuvikwa vigae. Chini ya sinki siku hizi siweki kabati kabisa. Nafunga fremu ya mtiki na milango yake, basi. Vigae vinapita mpaka ukutani. Bomba likivuja utaliona kabla jirani wa chini hajapanda kukugongea mlango.

Wengine huniambia, "Basi weka mbao ngumu tupu." Mtiki wa Longuza, hapo Muheza, naupenda kuliko mtu yeyote. Lakini mbao nzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake. Mlango mpana ulioufunga wakati wa kiangazi, masika utaupiga goti ufunge. Na plaiwudi inayouzwa kwa jina la "marine", yaani ya kuhimili maji, mimi mhuri wake siuamini. Nachemsha kipande kwenye sufuria kuukuu. Tabaka zikiachana, mzigo unarudi dukani.

Kuna jambo bado linanisumbua: nini cha kupaka kwenye ukingo uliokatwa. Nimejaribu gundi ya mbao iliyozimuliwa, nimejaribu silikoni, nimejaribu rangi ya mafuta. Jiko nililopaka rangi ya mafuta linadumu vizuri mno, nikajisifu sana, mpaka nikagundua mwenye jiko ni bachela ambaye hadeki. Na kuna wateja niliowaambia zamani, kwa mdomo huu huu, kwamba ya kijani inatosha. Sijawapigia kuwauliza.

Mama hakuniamini. Nikakata kipande cha rafu yake ya juu, kikavu, nikakipima mbele yake: milimita 18 kamili. Nikaondoka nacho, nikakiloweka nyumbani. Jana asubuhi kilikuwa 19 na ushee katikati, na pembeni zaidi. Nimekipiga picha nikamtumia, bado hajajibu. Kipande kingali kwenye ndoo bafuni, na mke wangu anataka ndoo yake adeki.