Kwa nini koki hudondosha zaidi saa nane usiku?

Mchana koki ya jikoni imetulia, labda inatoa tone moja ukiikodolea macho kwa subira. Ikifika saa nane usiku ni ti, ti, ti kwenye sinki mpaka mtu anaamka kuweka kitambaa. Wengi husema ni ukimya tu unaokuza sauti. Ukimya una mchango wake, lakini jaribu hivi: tega kikombe chini ya koki usiku kwa muda wa saa tano, halafu kitege tena mchana kwa muda uleule. Katika nyumba inayopokea maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, kikombe cha usiku mara nyingi ndicho kitakachojaa zaidi.

Sababu iko mlimani. Moshi iko chini ya Kilimanjaro na Arusha chini ya Meru, na sehemu ya maji ya miji hii hushuka kwa mserereko. Kila mita 10 za mwinuko kati ya tangi la mtaa na koki yako huleta presha ya karibu bar 1. Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima wa Pasua, Moshi, unapooga na kuchemsha chai, maji yanakimbia ndani ya mabomba na msuguano unakula sehemu kubwa ya presha hiyo. Usiku hakuna anayechota, maji yamesimama, msuguano haupo, na presha yote inarudi kwenye koki. Ndiyo maana kule Arusha nyumba ya Njiro, iliyo bondeni, huweza kusumbuka kuliko ya Ilboru, iliyo juu zaidi mlimani, mradi njiani hakuna tangi la kukata presha.

Kama koki inalishwa na tangi lako lililo mita 3 juu yake, presha ni bar 0.3 hivi, usiku na mchana. Hapo matone hayabadiliki kwa saa, na mtaa hauna kosa. Ila tangi lenyewe likifurika alfajiri, kagua koki ya boya ndani yake: nayo ina raba, na raba iliyochoka hushindwa wakati uleule presha inapopanda.

Sasa, presha haitoboi koki nzima. Inafichua tu palipokwisha kulika. Koki ya kawaida ya kuzungusha ina mti wa shaba unaoshuka na kuikandamiza washa ya raba juu ya mdomo mdogo wa duara, tuuite kikalio. Washa ikiwa laini, kugusa tu kunatosha kuzuia maji. Ikikauka au kukatika, mtu hukaza zaidi. Siku mbili kimya, kisha matone yanarudi, naye anakaza tena kwa nguvu za kubana nati ya gari. Raba inachimbika, maji yanapenya kwa kasi kwenye ufa mwembamba, na taratibu yanakwangua hata shaba ya kikalio. Koki nyingi zinazotupwa ziliuliwa na mkono wa mwenye nyumba.

Kabla ya kushika spana, angalia maji yanatokea wapi. Yakitoka mdomoni koki ikiwa imefungwa, ni washa au kikalio. Yakitoka chini ya mkono wa kuzungushia, tena ukiwa umefungua, washa haihusiki: ni raba ya kuzunguka mti au nati yake ndogo, na mara nyingi kuikaza kidogo, hata robo mzunguko haifiki, kunamaliza kazi. Matone machache baada tu ya kufunga koki yenye shingo ndefu, kisha yanakoma? Hayo ni maji yaliyobaki shingoni. Usifungue kitu.

Kubadilisha washa ni kazi ya nusu saa. Funga valvu ya karibu na mita ya maji, fungua koki mpaka maji yaishe, na uzibe tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ya mkono ni ndogo na hupenda kutumbukia. Ng'oa kifuniko cha rangi kwa ncha ya bisibisi, legeza skrubu, vuta mkono. Acha koki ikiwa nusu wazi, ili washa isiwe imebanwa kwenye kikalio, kisha fungua kichwa cha koki kwa spana malaya iliyofungiwa kitambaa isikwangue. Chini ya kichwa utaiona washa. Iliyochoka ina mfereji wa duara, kama alama ya kizibo cha soda kwenye udongo. Nenda nayo dukani. Usiseme tu “nusu inchi”, kwa kuwa unene na tundu hutofautiana. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole juu ya kikalio. Ukihisi mkwaruzo, washa mpya itadumu muda mfupi tu: kikalio kisagwe upya au ununue koki nyingine. Duka likiwa limefungwa, geuza washa ya zamani juu chini na itakusitiri siku chache. Raba ya ndala ni mbaya kuliko hiyo, kwa sababu ni sponji na hubonyea mara moja.

Koki za kufunga kwa robo mzunguko hazina washa hiyo. Ndani kuna visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, na adui yao ni mchanga. Baada ya mgao, maji yanaporudi na tope, fungua kwanza koki ya nje mpaka yawe safi. Kauri ikishapata mkwaruzo haitengenezeki; hubadilishwa kichwa chote.

Chini ya sinki swali la kwanza ni moja: kunalowa muda wote, au pale tu unapoosha vyombo? Muda wote maana yake ni upande wa presha, yaani valvu na mpira wa fleksibo unaopeleka maji kwenye koki. Wakati wa kuosha tu ni bomba la maji machafu. Kausha kila kitu, zungushia kila kiungo karatasi ya chooni, subiri. Kwa maji machafu, jaza sinki kisha lifungulie kwa mkupuo, maana maji ya kuchuruzika hayafichui kitu. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo yenye kosa. Za chini yake zinapokea tu. Bomba likilowa jasho jembamba pande zote, huenda ni unyevu wa hewa uliogeuka matone juu ya bomba la maji baridi, si uvujaji.

Kosa la kawaida kwenye trapu ya plastiki, lile bomba lililopinda chini ya sinki, ni kuzungushia tepu. Nati yake haizuii maji, hubana tu raba ya koni, na upande mwembamba wa koni lazima uelekee ndani ya kiungo. Kaza kwa mkono, ongeza kidogo sana. Plastiki hupasuka kimyakimya. Tepu ni ya nyuzi za chuma, yaani ile mikato ya kuzunguka inayoshika nati: izungushie kuelekea inakokazwa nati, mizunguko 5 hadi 8, ukiacha uzi wa kwanza wazi. Fleksibo nayo hubanwa na raba iliyo ndani ya nati yake, kwa hiyo haihitaji tepu. Ukiona waya wake una madoa ya kutu au tumbo limevimba, nunua mwingine leo, kwa kuwa saa za kupasuka kwake ni zilezile za koki kudondosha, presha ikiwa juu na watu wamelala.