Maonyesho ya bunduki Marekani: ukaguzi upo au haupo?

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba kwenye maonyesho ya bunduki Marekani unalipa, unabeba, unaondoka, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Si kweli. Sheria ya serikali kuu haiangalii mahali, inamwangalia muuzaji. Mwenye leseni lazima akukague, yaani rekodi zako zichunguzwe kabla ya kukuuzia, awe dukani kwake au kwenye meza ya maonyesho. Pengo lipo kwa mtu binafsi asiye na leseni anayemuuzia mkazi wa jimbo lake: huyo halazimiki kukagua, hata akiuzia sebuleni. Baadhi ya majimbo, California na Colorado yakiwemo, yameliziba.

Kwa mwenye leseni, unaonyesha kitambulisho chenye picha na kujaza Fomu 4473, fomu ya mnunuzi wa silaha, kisha muuzaji anauliza NICS, mfumo wa kuchunguza rekodi za wanunuzi wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani), ulioanza Novemba 1998. Jibu ni endelea, subiri au umekataliwa. Kufanana jina na mhalifu kunaweza kukukwamisha, ndiyo maana inafaa kujaza namba ya hifadhi ya jamii ingawa si lazima.

Siku 3 za kazi zikipita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Hapa ndipo penye hatari hasa: mtu aliyeua watu kanisani mjini Charleston mwaka 2015 alipata bastola yake hivyo. Tangu 2022, kwa walio chini ya miaka 21, muda unaweza kufika siku 10 za kazi.

Kuhusu ada, FBI haitozi chochote. Baadhi ya majimbo yanayojifanyia ukaguzi ndiyo hutoza: Virginia ni dola 2 kwa mkazi, 5 kwa asiye mkazi.