Orodha ndefu ya mapigo si kipimo cha mapigano

Dhana: Gemu yenye mapigo mengi ndiyo yenye mapigano bora.

Ukweli: Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mtu anafungua orodha ya mapigo, anahesabu, anatoa hukumu. Basi atazame gemu ya Sekiro ya mwaka 2019. Upanga mkuu ni mmoja, mwanzo hadi mwisho, pamoja na vifaa vichache vya mkono wa bandia. Kwa kuhesabu, huo ni umaskini. Lakini ngoja bosi, yaani adui mkubwa wa hatua hiyo, akujie. Pigo la kawaida unalikinga pale pale linapokugusa. Mchomo wa mkuki dawa yake ni kuusogelea na kuukanyaga. Akifyeka miguu, unaruka. Kila ukikinga kwa wakati, yeye ndiye anayeyumba, mpaka anabaki wazi na unammaliza. Mapigo yako ni machache, ila hakuna la ziada.

Devil May Cry 5, ya mwaka huo huo, imeenda njia nyingine kabisa. Dante, mmoja wa wahusika unaowachezesha, ana mitindo minne ya kupigana, na anaibadili katikati ya pambano bila kusimamisha chochote. Unamrusha adui hewani, unamfuata, unabadili silaha kabla hajagusa chini. Hapa wingi una kazi, kwa kuwa pigo moja linaweza kukatizwa na kuzaa jingine, na gemu inakupa alama kuanzia D, ya chini, hadi SSS, ya juu kabisa; ukirudia pigo lile lile, alama zinadumaa. Hata hivyo, kwenye kiwango chepesi unaweza kumaliza gemu kwa mapigo matatu tu (nimefanya hivyo, sijivunii). Adui hakulazimishi; ni wewe na majivuno yako.

Dhana: Vitufe vichache, mapigano ya kitoto.

Ukweli: Batman: Arkham Asylum ya 2009 ina kitufe cha kupiga na cha kujibu shambulizi, na vingine vichache. Ugumu uko kwenye kuchagua nani apigwe kwanza ukiwa umezingirwa.

Dhana: Kombo, yaani mapigo yanayounganishwa mfululizo, zilipangwa na watengenezaji tangu mwanzo.

Ukweli: Kwenye Street Fighter II ya 1991 zilijitokeza kwa bahati. Noritaka Funamizu, mmoja wa watengenezaji wake, alikuwa akijaribu raundi ya kuvunja gari alipoona pigo la pili linaweza kuchomekwa kabla la kwanza halijaisha. Wakaamua jambo hilo libaki kwenye gemu.

Dhana: Kukinga ni kwa waoga.

Ukweli: Mashindano ya gemu za mapigano ya Evo 2004, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike. Mchezaji Daigo Umehara anamchezesha Ken, aliyebakiwa na uhai kiduchu, na Chun-Li wa mpinzani wake Justin Wong anaachia shambulizi lake kubwa. Kujikinga kwa kawaida kungemuua, kwa sababu kila teke lingemmega kidogo. Kinga aliyoitumia Daigo inataka usukume kijiti kumwelekea adui, si kurudi nyuma, na uifanye upya kwa kila teke. Alifanya hivyo kwa mapigo 15 mfululizo, kisha akajibu na kushinda raundi.