Je, wajua kwa nini barua ya sentensi tano iliwapotosha madaktari kwa miaka mingi?

Tarehe 10 Januari 1980, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa barua fupi kwa mhariri. Ilikuwa na sentensi tano tu, na waandishi wake walikuwa Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Walisema wamepitia kumbukumbu za wagonjwa 39,946 waliolazwa hospitalini. Kati yao, 11,882 walipewa angalau mara moja dawa ya narkotiki, yaani dawa kali za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni. Miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu, waliothibitika kuingia kwenye uraibu walikuwa wanne. Basi. Barua haikusema dawa zilitumika kwa muda gani, wala yaliyowapata wagonjwa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada waliisaka barua hiyo popote iliponukuliwa, wakakuta imetajwa mara 608. Barua nyingine za enzi ile katika jarida hilohilo kwa kawaida ziliishia kwenye mara 11 hivi. Katika hizo 608, kazi 439 ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa hizo. Na kazi 491, karibu asilimia 81, hazikutaja kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa.

Hapo ndipo penye mzigo. Mgonjwa wa wodini hupewa dawa na muuguzi, kwa kipimo kilichoandikwa na daktari, na akitoka hospitali dawa huweza kuishia hapohapo. Mwenye maumivu sugu ya mgongo hukaa na chupa kabatini kwake, akimeza mwenyewe miezi na miezi. Ukiondoa neno “waliolazwa”, umemhamisha mgonjwa wa kwanza ukamweka mahali pa wa pili. Barua ikapanda cheo kadiri ilivyopita mikononi mwa watu: mwaka 1990 jarida la Scientific American liliiita utafiti mpana, na 2001 gazeti la Time likaiita utafiti wa kihistoria. Katikati ya miaka hiyo, 1996, kampuni ya dawa ya Purdue ilikuwa imeingiza sokoni OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo ya afyuni. Mwaka 2007 kampuni yenye uhusiano nayo pamoja na wakuu watatu wa Purdue walikiri mahakamani kosa la kuinadi dawa hiyo kwa njia ya kupotosha, na faini na malipo yakapita dola milioni 600. Kusema barua peke yake ndiyo iliyoleta janga la dawa hizo Marekani ni kutia chumvi. Lakini ilikuwa kichaka kizuri cha kujifichia.

Sasa tazama: walionukuu hawakuiba kitu. Majina waliyataja, mwaka waliuandika, na ukurasa pia, wa 123. Ungepitisha makala zao kwenye programu ya kusaka wizi wa kitaaluma kama Turnitin, kwa kosa hili zingepita bila shida, maana programu hulinganisha maneno na maneno; haifungui chanzo kuona kama kinasema ulichodai. Ndiyo maana huwa sielewi mwanafunzi wa udaktari anayekesha kupanga nukta na mikato ya mtindo wa Vancouver, ule wa kuandika rejea kwa namba, kisha makala yenyewe hajaifungua.

Kwa nini haifunguliwi? Kwa sababu ni rahisi zaidi kunakili rejea kutoka kwenye orodha ya mwenzako. Mwaka 2003 Simkin na Roychowdhury wa Marekani walilifichua hili kwa kufuatilia makosa ya uchapaji. Katika rejea zilizotaja makala moja mashuhuri, kosa lilelile la namba ya ukurasa lilijirudia mara 78. Watu 78 hawawezi kukosea ukurasa uleule kwa bahati tu. Wakakadiria kwamba ni kama mmoja kati ya watano wanaonukuu ndiye aliyesoma chanzo chenyewe. Aliyesoma elimu ya hadithi za Mtume anaijua hatari hii: ukitaja isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, lazima useme umepokea kwa nani hasa, huwezi kumruka aliyekusimulia ukajidai umemsikia wa kwanza.

Tuchukue sentensi yenyewe. “Uraibu ni nadra kwa wanaotumia dawa hizi (1).” Rejea ipo, na bado sentensi ni mbovu. Iliyonyooka ingesema: “Katika kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliolazwa na kupewa narkotiki angalau mara moja, Porter na Jick waliripoti visa vinne vya uraibu kwa wasiokuwa na historia hiyo (1).” Ni ndefu, sikatai. Lakini msomaji anajua ni nani waliochunguzwa, wapi, na wangapi.

Wizi wa maandishi nao una sura isiyotambuliwa upesi. Ukichukua aya ya mtu ukabadilisha “wagonjwa” ikawa “wahusika” na “iligundulika” ikawa “ilibainika”, huku mpangilio wa hoja ukibaki uleule, bado umenakili, hata ukiweka namba ya rejea mwishoni. Dawa yake ni kusoma, kufunga ukurasa, kuandika ulichoelewa kwa maneno yako, kisha kurudi kuhakiki tarakimu. Tarakimu usizitoe kichwani.

Na chanzo cha kwanza kikikosekana? Sema ukweli: “Porter na Jick, kama walivyonukuliwa na fulani,” na orodhani umweke huyo fulani, kwa kuwa ndiye uliyemsoma. Barua ile, hata hivyo, mtu hana sababu ya kuipokea kwa mkono wa pili. Kuisoma yote hakuchukui dakika moja, na tangu 2017 wahariri wa jarida wameiambatanishia onyo kwamba imenukuliwa mno bila kuhakikiwa.